Siku Jiwe la Mbuzi Lilipokauka

Kila asubuhi Nigar aliwatoa mbuzi zizini, akawaswaga mpaka malishoni juu ya banio la kugawia maji ya mto, kisha akarudi mbio nyumbani kunywa chai ya chumvi na mkate uliolala. Kuswaga mbuzi hakukupenda hata kidogo. Alichokipenda ni swali ambalo mama yake alimwuliza kila aliporudi.

"Maji yamefika wapi leo?"

Hapo Furzin, bondeni kati ya milima ya barafu, hakuna aliyehitaji kuambiwa ni maji gani. Katikati ya mto, hatua chache kutoka banio, palikuwa na jiwe kubwa lililolala kama mbuzi aliyeshiba, na tangu enzi za mababu watu waliyapima maji kwa mbuzi huyo. Baridi ilipoisha maji yaligusa kwato. Siku zilivyozidi kupata joto yalipanda magotini, kisha tumboni, na katikati ya kiangazi yalifika shingoni. Nigar alipojibu "Tumboni, mama," mama alijua kama viazi vyao vitakunywa vya kutosha zamu yao ikifika.

Maana maji yalikuwa ya zamu. Furzin ni vijiji viwili, Juu na Chini, na vyote viwili huchota kutoka banio moja. Leo maji yakienda Juu, kesho huja Chini. Wasio na zamu huuziba mlango wa mfereji wao kwa mabonge ya udongo wenye nyasi na matambara ya blanketi kuukuu. Watu hawa wanaoana, wanazikana, wanasali jamatkhana moja. Lakini likija suala la maji, hakuna wa Chini anayemwamini wa Juu, wala wa Juu anayemwamini wa Chini. Hata wakiwa wamembeba bibi harusi, shingo zao hugeuka kuutazama mfereji wakipita.

Kiangazi kile jua lilichoma kuliko watu walivyozoea. Aprikoti zilizoanikwa juu ya mapaa zilikauka haraka kama makaratasi. Lakini maji, badala ya kupanda shingoni, yalianza kushuka. Yalitoka tumboni yakaenda magotini. Majani ya viazi vya Chini yakalala chini kama masikio ya punda mgonjwa.

"Haya maji yana mikono," alisema Latif, baba mdogo wa Nigar, jioni moja waliposimama kando ya shamba. Latif alikuwa mtu wa maneno mengi na viazi vichache. "Tena ni mikono ya watu wa Juu."

"Una hakika?" aliuliza Sarwar, baba yake Nigar.

"Kaka, jua kali hivi, na maji hayapo. Yameenda wapi, yamepanda gari kwenda mjini Gilgit? Wanazibua mlango siku yetu, wanakunywa, wanaziba tena. Kwani hatuwajui?"

Sarwar alikiokota kitambaa chekundu kilichonasa mferejini, akakigeuzageuza. Kilikuwa kipande cha shali kuukuu, na kwa kawaida shali kuukuu ndizo zilizozibia milango. Kingeweza kuwa cha yeyote. Lakini jioni ile kila aliyekiona alikumbuka mwanamke fulani wa Juu aliyewahi kuvaa shali nyekundu. Ndivyo dhana mbaya inavyofanya kazi, haikosi kitambaa.

Nigar naye alikuwa na kinyongo chake. Siku za mwisho kabla ya likizo, Mwalimu Karim aliliuliza darasa, "Mto wetu hujaa zaidi wakati gani?" Nigar alinyoosha mkono wa kwanza, akasema, "Mvua ikinyesha." Rozina, rafiki yake wa Juu waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mvua ipi? Hapa kwetu mvua huja kama mjomba wa mbali, mara moja na mikono mitupu. Mto wetu unalishwa na barafu ya mlimani. Jua likichoma, barafu inayeyuka, mto unavimba. Hata mbuzi wako wanajua hilo, Nigar."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alimsifu Rozina. Tangu siku hiyo watoto wa Juu walipokutana na Nigar walimwuliza mvua itanyesha lini, na yeye akaacha kumsalimia Rozina. Lile somo lenyewe hakutaka hata kulikumbuka.

Basi, siku moja ya zamu ya Juu, Nigar alikuwa akiwarudisha mbuzi mchana wakati jua liko utosini. Kutoka mtelemkoni alimwona mwanamume ameinama kwenye milango ya mifereji, beleshi mkononi, akitazama huku na huku. Alivaa kofia ya sufu nyeupe kama wanayovaa wanaume wote wa Furzin, na joho la kahawia kama walilonalo nusu yao. Alimpa mgongo. Kisha akajiinua, akautazama mto kwa muda, akaondoka upesi nyuma ya mawe.

Nigar naye akautazama mto. Jiwe la Mbuzi lilikuwa kavu mpaka kwato. Alizoea kuliona limelowa, na sasa chini yake alimwona chura akiruka juu ya changarawe. Alishangaa kidogo. Kisha akaona mbuzi mmoja ameingia kwenye shamba la watu, akamkimbilia.

Jioni alipowasimulia wazazi wake kwamba ameona mtu na beleshi kwenye milango ya mifereji, nyumba ilijaa watu kabla chai haijachemka. Hakuna aliyemwuliza maji yalifika wapi.

"Nani huyo?" aliuliza baba yake.

Latif alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikiweka kikombe chini polepole. "Ulimwona uso?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Nigar aliwatazama watu wazima waliomzunguka, wote wakimsubiri yeye. Hakuwahi kusubiriwa hivyo. Akamkumbuka Rozina na kicheko chake, na jina la baba yake Rozina likamtoka mdomoni kabla hajalipima.

"Daulat," alisema. "Alikuwa Baba Rozina."

Latif alishusha pumzi. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Si nilisema? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Daulat yule yule anayejifanya mpole. Siku ya zamu yao alifuata nini pale na beleshi, kama si kutoboa tundu la kutuibia kesho?"

Kuanzia hapo hakuna aliyepiga kelele kumshinda Latif. Ilikubaliwa kwamba kesho, zamu ya Chini, wanaume wote wangepanda mpaka banio na mabeleshi yao, wakae wasubiri, na mwizi akitokea aeleze mbele ya watu.

"Na wewe utakuja," Sarwar alimwambia binti yake. "Ulichokisema nyuma ya mtu, ukiseme mbele ya uso wake."

Nigar alilala vibaya. Alijaribu kuukumbuka ule mgongo, na kila alipoukumbuka ulizidi kuwa mgongo wa mtu yeyote. Alitaka kumwamsha baba amwambie. Lakini aliwaza jinsi wangemtazama, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Walipofika banio siku ya pili, jua likiwa limeshapanda, walikuta kitu ambacho hawakukitarajia. Nyuma ya mawe ya ng'ambo walichomoza wanaume wa Juu, nao wana mabeleshi, nao wamejificha. Mwalimu Karim alikuwa kati yao, na Rozina alikuwa amekuja na mitungi ya mtindi kwa ajili ya waviziaji. Waviziaji wa pande mbili wakabaki wanatazamana kama majogoo waliokutana kwenye uzio.

"Aha," alisema mmoja wa Juu. "Wezi wenyewe wamekuja mchana kweupe."

"Wezi sisi?" alidakia Latif. "Viazi vyetu vinakufa, na nyinyi mnashiba maji ya zamu yetu."

"Maji gani? Vyetu viko hai? Siku yetu mfereji unaleta matope tu. Mnatoboa mlango wenu siku yenu ili uvuje siku yetu, ndiyo maana tumekaa hapa tangu alfajiri kuwangojea nyinyi."

Mabeleshi yalianza kupanda mabegani. Mtu mmoja alimsukuma mwingine kifuani. Sarwar akapaza sauti. "Ngojeni. Sisi tuna shahidi. Daulat yuko wapi?"

"Nipo," ilijibu sauti kutoka njiani. Daulat alikuwa anapanda taratibu, mfuko wa safari begani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Mke wangu kaniambia wanaume wote wako huku. Kuna nini?"

"Jana mchana ulikuwa hapa na beleshi ukitoboa tundu la kuiba maji ya zamu yetu," alisema Latif. "Mtoto kakuona."

Daulat alimtazama Latif, kisha akaitazama suruali yake mwenyewe, iliyokuwa na doa kubwa kwenye paja.

"Jana mchana nilikuwa Gilgit," alisema. "Nimeshuka kwenye gari asubuhi hii. Mkeo tumekaa kiti kimoja, Latif, na mwanao anayetoka hospitali kanitapikia njia nzima. Doa hili hapa. Ukitaka kumjua mwizi wa maji, nenda nyumbani kaulize mkeo kama nilikuwa na mkono mrefu kiasi hicho."

Watu wawili watatu walicheka. Macho yote yakamgeukia Nigar.

Rozina alikuwa ameuweka mtungi chini. Hakucheka safari hii. "Ulimwona baba yangu?" aliuliza.

Nigar alitamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno. Lakini baba yake alikuwa amesimama kando yake, akimsubiri.

"Hapana," alisema. "Niliona mgongo tu. Mgongo na kofia. Jina nililiweka mimi."

Sarwar alifumba macho. Mtu mmoja akasonya. Daulat alikuja akachuchumaa mbele ya Nigar, uso kwa uso, na Nigar akajiandaa kwa kofi.

"Haya," alisema Daulat. "Jina tuliondoe. Niambie ulichokiona kwa macho yako, hicho tu."

"Mtu mwenye beleshi. Aliinama, akautazama mto, akaondoka." Nigar alijifuta pua kwa mkono. "Na Jiwe la Mbuzi lilikuwa kavu. Kavu mpaka kwato. Kulikuwa na chura kwenye changarawe."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Jua utosini."

Wote waligeuka kulitazama jiwe. Kwa hasira za asubuhi ile, waviziaji wa pande zote walikuwa wameitazama milango ya mifereji na kutazamana wao kwa wao, na hakuna aliyeutazama mto. Jiwe la Mbuzi lilikuwa juu ya changarawe tupu. Maji yaliyobaki yalipita pembeni, membamba kama kamba ya kufungia ndama, tena ya rangi ya matope.

"Mimi ndiye," ilisema sauti ya chini. Alikuwa Latif. Alikuwa ameivua kofia yake na kuikunja mikononi. "Mgongo ulikuwa wangu. Nilikuja kuzibua kidogo tu, siku yenu. Sikukuta hata maji ya kuiba. Nikaona aibu kusema."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliwaza watu wa Chini, na hakuna aliyejua atazame wapi. Lakini Rozina alikuwa bado analitazama jiwe, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu.

"Mwalimu," alisema, "si ulisema jua likichoma mto unavimba? Leo jua linachoma."

Uso wa Mwalimu Karim ulibadilika rangi. Aliinua kichwa akatazama korongo ambamo mto ulitoka, kule juu kwenye barafu.

"Inayeyuka," alisema. "Joto hili, lazima inayeyuka kuliko mwaka wowote. Kama maji hayaji hapa, basi yamesimama mahali. Kuna kitu kimeyazuia."

Vijana wawili wenye pumzi walitumwa kwenye kilele cha kilima kinachochungulia korongo. Waliobaki chini walikaa juu ya mabeleshi yao, Juu na Chini wamechanganyika. Nigar alikaa peke yake. Baada ya muda mrefu, vijana walionekana wakishuka mbio, wakiteleza, wakiinuka.

"Ziwa!" alipiga kelele wa kwanza. "Barafu ya korongo la pembeni imejisukuma ikakata mto. Nyuma yake kuna ziwa, tena refu, mwisho wake hatukuuona. Na ukuta wa barafu unavuja kwa chini."

Mwalimu Karim alieleza haraka, kama mtu anayesoma huku anavaa viatu. "Ukuta wa barafu si ukuta wa mawe. Maji yanaula kwa chini, yanatoboa tundu, na tundu likishapata njia linapanuka lenyewe. Ziwa zima linashuka kwa mkupuo. Linaweza kuwa kesho, linaweza kuwa sasa hivi. Watu wa Chini watoke."

Hapo ndipo mabeleshi yalipotupwa. Mtu mmoja alikimbilia jamatkhana, na muda si muda kipaza sauti kilikuwa kinaita nyumba kwa nyumba. Watu wa Juu, waliokuja kuvizia wezi, waliteremka na hao wezi wao mpaka Chini. Walibeba wazee mgongoni, wakafungua mazizi, wakawaondoa kina mama waliotaka kwanza kukusanya aprikoti. Latif alipita mbio, mwanawe mgonjwa kifuani, mkewe nyuma yake akimwuliza kulikoni. Nigar na Rozina waliswaga mbuzi. Hawakusemezana, ila mbuzi mmoja alipochepuka, kila mmoja alijua upande wa kumkatia njia.

Jua lilikuwa linazama walipousikia mlima ukinguruma. Kwanza ilikuja harufu ya udongo mbichi, kisha upepo, kisha ukuta wa maji ya kahawia wenye mawe na vipande vya barafu vikubwa kama ng'ombe. Kutoka uwanja wa nyumba ya Daulat kule Juu, walikokimbilia, watu waliona kinu cha Chini kikienda, na daraja, na mashamba ya viazi yaliyogombaniwa kiangazi kizima. Nyumba tatu za kando ya mto zilikatika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Sarwar alihesabu watu. Akahesabu tena. Hakukosekana hata mmoja, na hapo akaketi chini akalia.

Jioni ile nyumba ya Daulat ilijaa watu wa Chini mpaka jikoni. Mke wake, aliyesingiziwa kitambaa chekundu, aliwapa mkate na maziwa ya moto wote waliokuja. Nigar hakuweza kula. Alimsubiri Daulat atoke nje, akamfuata.

"Baba Rozina," alisema, "nisamehe. Nilikusingizia kwa sababu Rozina alinicheka."

Daulat aliegemea ukuta. Chini kwao mto ulikuwa bado unavuma.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nisikilize, na Latif naye asikie, maana namwona kajificha pale mlangoni. Mliona jiwe kavu mchana wa jua kali, nyote wawili. Lile ndilo lililokuwa la maana. Wewe uliongeza jina, ukalisahau jiwe. Yeye alilificha jiwe ili auhifadhi mgongo wake. Na sisi wengine hatukuuliza habari za jiwe, maana tulikuwa na hamu ya mwizi. Tungepigana pale banio mpaka maji yatukute tumeshikana mashati. Hii milima inabadilika, mwanangu. Joto linaongezeka, barafu haikai ilipokaa enzi za babu yangu. Itatuonya, lakini inaonya kwa mambo madogo, na mambo madogo yanataka mtu anayesema kweli. Usiongeze, usipunguze. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi ingia ule. Rozina kakuwekea mkate, anajifanya hajali."

Mafuriko yalikuwa yamelichukua Jiwe la Mbuzi. Hata mahali lilipolala hapakujulikana tena. Watu walijenga banio jipya, watu wa Juu wakawakatia wa Chini sehemu ya mashamba yao, na kando ya mto wakasimamisha nguzo ya chuma yenye mistari ya rangi. Zamu ya kuitazama walipewa wasichana wawili, mmoja wa Juu na mmoja wa Chini, waende pamoja asubuhi na mchana.

Siku moja Nigar alirudi nyumbani, na mama yake akamwuliza kama zamani, "Maji yamefika wapi leo?"

Kulikuwa na ukungu mtoni. Rozina alidhani ni mstari wa nne, Nigar alidhani ni wa tatu. Angeweza kusema wa nne, na hakuna ambaye angejua.

"Sikuona vizuri, mama," alisema Nigar. "Hatukukubaliana. Ngoja nirudi nikaangalie."

Mama yake aliufunika mkate usipoe, akamwacha aende.